Mwanamfalme Aliyetumwa Tokyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ie Chōchoku na Wajumbe wa Kifalme wa Ryukyu

Wengi wetu tumeisikia Okinawa kupitia karate, au kupitia vita vya mwaka 1945. Kabla ya 1879 visiwa hivyo vilikuwa ufalme wenye mfalme wake, kasri lake pale Shuri na bandari yake pale Naha. Ufalme huo, Ryukyu, haukuwa na jeshi la kutisha mtu. Silaha yake ilikuwa adabu: zawadi, barua zilizoandikwa kwa mwandiko safi, ngoma, na watu wa damu ya kifalme waliopelekwa ugenini kusema maneno yaliyopimwa. Maswali haya yanamhusu hasa mmoja wao, aliyetumwa mwaka 1872, lakini huwezi kumwelewa bila kuwajua waliomtangulia.

Ie Chōchoku alikuwa nani?

Alikuwa mtoto wa Mfalme Shō Kō. Alizaliwa mwaka 1818 na kufariki 1896, kwa hiyo aliuona ufalme ukiwa mzima, akauona ukizimwa, na akaishi miaka mingine kumi na saba chini ya serikali iliyouzima. Ndugu yake kwa baba, Shō Iku, alikuwa mfalme. Baadaye mtoto wa Shō Iku, Shō Tai, akawa mfalme wa mwisho. Kwa maneno mengine, mfalme aliyemtuma Chōchoku Tokyo alikuwa mtoto wa kaka yake.

Ukikutana na jina Shō Ken katika maandishi ya wakati ule, usidhani ni mtu mwingine. Wakubwa wa Ryukyu walikuwa na majina mawili, moja la Kijapani na moja la Kichina, na kila moja lilitumika mahali pake. “Ie” nalo ni jina la kisiwa kidogo karibu na Okinawa, ambacho ukoo wake ulipewa kuwa eneo lake.

Kila aliyeitwa mwanamfalme Ryukyu alikuwa mtoto wa mfalme?

Hapana. Cheo cha *wōji* walipewa watoto wa mfalme, lakini pia wakuu wa koo za karibu na kiti, na wakati mwingine mtu alipandishwa kwa sababu anakwenda safari ya kiserikali. Chōchoku alikuwa mtoto wa mfalme kweli. Cheo hicho kilionekana kichwani: wanawafalme walichomeka kibanio cha dhahabu kwenye fundo la nywele, maofisa wakubwa wa chini yao walikuwa na cha dhahabu na fedha, na kuendelea hivyo hadi shaba. Mtu hakuhitaji kuuliza anaongea na nani.

Kwa nini ufalme huo ulituma wajumbe Japani?

Kwa sababu mwaka 1609 jimbo la Satsuma, kusini mwa Kyushu, lilituma jeshi likauteka. Mfalme Shō Nei alichukuliwa mateka, akapelekwa mbele ya Tokugawa Ieyasu kule Sunpu na mbele ya mwanawe Hidetada, shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, kule Edo, mji tunaouita Tokyo leo. Alirudishwa kwao mwaka 1611. Visiwa vya kaskazini, vile vya Amami, Satsuma ikavichukua moja kwa moja.

Ufalme wenyewe haukufutwa, na sababu yake ni biashara. Ryukyu ilikuwa inapeleka kodi ya heshima China na kurudi na bidhaa, na China ilipokea mfalme, haikupokea kibaraka wa jimbo la Japani. Basi Satsuma ikamwacha mfalme akae kwenye kiti chake, ikakaa nyuma ya pazia. Wajumbe wa China walipofika Shuri, maofisa wa Satsuma walijificha.

Kuanzia 1634 mpaka 1850 Ryukyu ilituma misafara kumi na minane kwa shogun. Ilikuwa ya aina mbili: kumpongeza shogun mpya, na kushukuru pale mfalme mpya wa Ryukyu alipotawazwa. Angalia hiyo ya pili. Mfalme ameketi kwenye kiti cha baba yake, halafu ndugu yake anatumwa mbali kwenda kusema ahsante kwa mtu mwingine.

Safari ilikuwaje?

Ndefu kuliko tunavyoweza kuvumilia siku hizi. Kwenda na kurudi ilikula karibu mwaka mzima. Watu wa pwani yetu wataelewa haraka kalenda yake, maana nao walisafiri kwa kusi na kaskazi: msafara uliondoka Naha katikati ya mwaka, upepo wa kusini ukiwasukuma hadi Kagoshima, makao ya Satsuma. Huko walikaa wiki nyingi. Walikaguliwa, wakafanyishwa mazoezi, wakasubiri mtawala wa Satsuma awe tayari, kwa sababu hawakwenda Edo peke yao. Yeye ndiye aliyewaongoza, na watu wake walikuwa wengi kuliko wao.

Kutoka Kagoshima walizunguka Kyushu kwa meli, wakapita mlango wa Shimonoseki, wakaingia bahari ya ndani mpaka Osaka. Hapo walihamia kwenye mashua zilizopambwa, wakapanda Mto Yodo hadi Fushimi, kisha nchi kavu kwa barabara ya Tokaido mpaka Edo. Walifika mwezi wa kumi na moja kwa kalenda ya mwezi, yaani kwenye baridi kali. Mtu aliyezaliwa Okinawa, ambako theluji haijulikani, anafikishwa Edo msimu wa barafu akiwa na joho la hariri.

Misafara ilitofautiana ukubwa. Ule wa 1710 ulikuwa na watu 168, na wa 1714 watu 170. Mingi mingine ilikuwa karibu na mia moja. Mkuu wake alikuwa mwanamfalme, makamu wake ofisa wa daraja la *ueekata*, na chini yao makarani, waganga, wapiga muziki na watumishi. Wa kutazamwa zaidi walikuwa vijana wa kucheza na kupiga ala, watoto wa koo bora, wamepambwa mpaka watazamaji walibishana kama ni wavulana au wasichana.

Barabarani walitembea kwa mpangilio. Mbele bendera na mabango yaliyowatambulisha, kisha tarumbeta na ngoma, kisha mwanamfalme ndani ya kiti cha kubebwa mabegani. Watu walijaa kandokando ya njia. Mwaka 1832 wachapaji wa Edo walitoa vitabu na picha za msafara kwa wingi, kila mmoja akitaka kuuza kabla wageni hawajapita.

Kwa nini walivaa kama Wachina wakati nchi yao ilikuwa chini ya Wajapani?

Kwa sababu waliamriwa. Kabla ya msafara wa 1710, Satsuma ilitoa maagizo kwamba mavazi, mikuki na vifaa vya safari visifanane na vya Japani. Vionekane vya nje, vya Kichina.

Hesabu yake si ngumu. Mtawala wa Satsuma ndiye pekee kati ya watawala wote wa majimbo aliyekuwa na mfalme wa kigeni chini yake. Kadiri wageni wale walivyoonekana wageni zaidi, ndivyo heshima yake ilivyopanda mbele ya shogun, na mara kadhaa alipandishwa cheo kwa ajili ya kuwaleta tu. Shogun naye alifaidi kwa kuonekana na watu wake akisujudiwa na watu wa ng’ambo.

Mimi nauona hapa ujanja wa Ryukyu pia, ingawa wapo watakaonibishia. Amri ile iliyowafanya waonekane wageni ndiyo iliyowakumbusha Wajapani kwa zaidi ya karne moja kwamba Ryukyu ni nchi nyingine.

Mwanamfalme alifanya nini hasa akifika Edo?

Alikaa kwenye makao ya Satsuma mjini humo, akasubiri kuitwa. Aliingia kwenye ngome ya shogun kwa kawaida mara tatu: kujitambulisha na kutoa zawadi, kusikilizisha muziki wa wapigaji wake, na kuaga. Zawadi zilikuwa pamoja na vyombo vya laka, vitambaa vya nyuzi za mgomba, uvumba na awamori, pombe kali ya mchele. Alizuru pia hekalu la Ieyasu. Misafara ya mwanzo ilipelekwa mpaka Nikko, ya baadaye ikaishia Ueno, palepale Edo. Kisha alipita kwa wakuu wa serikali na koo za Tokugawa, kila nyumba na zawadi zake.

Mazungumzo ya siasa? Karibu hayakuwepo. Kila kitu kilikuwa kimeshaandikwa: asimame wapi, ainame mara ngapi, akae umbali gani. Akili ya mjumbe ilipimwa pembeni, kwenye mashairi, mwandiko, muziki, na maswali ya wasomi. Mwaka 1714 msomi Arai Hakuseki alikaa na wajumbe akawauliza mengi kuhusu nchi yao, na majibu yakamsaidia kuandika kitabu kuhusu visiwa vya kusini. Kwenye msafara huohuo alikuwemo Tei Junsoku wa kijiji cha Kume, ambaye kitabu cha mafunzo ya maadili alichokitoa China kilifika baadaye mikononi mwa shogun Yoshimune.

Walirudi na vitu pia. Tamagusuku Chōkun, aliyesafiri Satsuma na Edo na kuona michezo ya jukwaani ya Wajapani, ndiye aliyeunda kumiodori, tamthilia ya kucheza na kuimba ya Ryukyu. Ilioneshwa mara ya kwanza mwaka 1719. Na ilioneshwa kwa nani? Kwa wajumbe wa mfalme wa China.

Kuna waliokufa njiani?

Wengi. Mwanamfalme Gushichan, mdogo wake Shō Nei, alifuatana na kaka yake mateka na akafia Sunpu mwaka 1610. Alizikwa kwenye hekalu la Seikenji, kando ya barabara ya Tokaido. Kwa kuwa misafara ya baadaye iliyokwenda Edo ilipita mlangoni pale, wajumbe walisimama kumwombea na kuacha sadaka.

Kisa cha 1832 ndicho kinachonishangaza zaidi. Mkuu wa msafara, Mwanamfalme Tomigusuku, aliugua akafa Kagoshima, kabla hawajafika hata nusu ya njia. Wangefanyaje? Jina lilikwisha kupelekwa Edo. Ofisa mmoja wa msafara, Futenma, akavalishwa nafasi ya marehemu, na mbele ya shogun akasimama kama Mwanamfalme Tomigusuku. Aliyehitajika pale ni cheo, aliyekivaa si hoja.

Wanawake wa kifalme walitumwa?

Hapana. Wao walikuwa na mamlaka ya aina nyingine. Ndugu wa kike wa mfalme, au mwanamke mwingine wa nyumba yake, alishika ukuhani mkuu wa nchi, *kikoe-ōgimi*, na ibada za usalama wa safari na nchi zilikuwa mikononi mwa makuhani wanawake.

Na China, walikwenda wanawafalme?

Kwa kawaida hapana. Misafara ya kodi ya China, kila mwaka wa pili, iliongozwa na maofisa, na wasomi wa Kume waliojua Kichina ndio waliokuwa mhimili wake. Njia ilikuwa Naha hadi Fuzhou, ambako Ryukyu ilikuwa na nyumba yake ya kufikia, kisha Beijing.

Nini kilitokea mwaka 1872?

Hapa ndipo Chōchoku anaingia. Ushogun ulikuwa umeanguka mwaka 1868, na Agosti 1871 serikali mpya ya Kaizari Meiji ikafuta majimbo yote ya zamani, Satsuma ikiwemo. Swali likabaki: Ryukyu ni ya nani? Mapema mwaka 1872 maofisa wawili kutoka Kagoshima, Narahara Shigeru na Ijichi Sadaka, walifika Naha. Baadaye ikaja amri kwamba mfalme atume wajumbe wa kupongeza serikali mpya.

Shuri haikuona hatari kubwa. Walikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka mia mbili wa kupongeza. Mfalme amebadilika kule, basi tunakwenda, tunainama, tunarudi. Wakamchagua Chōchoku awe mjumbe mkuu, na makamu wake akawa Ginowan Chōho, mmoja wa mawaziri watatu wa nchi na mshairi hodari wa Kijapani.

Safari hii hakukuwa na mwaka wa barabarani. Waliletwa kwa meli ya moshi, wakafika Tokyo mwanzoni mwa Oktoba. Tarehe 14 Oktoba ilifunguliwa reli ya kwanza ya Japani, kati ya Shimbashi na Yokohama, na wajumbe wa Ryukyu wakapandishwa kwenye treni ya ufunguzi, ileile aliyopanda Kaizari. Fikiria mtu wa miaka hamsini na nne ambaye usafiri wa heshima kwake ulikuwa kiti cha mabega ya watu. Sidhani kama ilikuwa ukarimu mtupu; mgeni alikuwa anaoneshwa nguvu.

Siku mbili baadaye, tarehe 16 Oktoba, waliitwa kasri. Chōchoku aliwasilisha pongezi na zawadi za mfalme wake. Kisha ikasomwa hati ya Kaizari. Ilisema kwamba Ryukyu iko karibu upande wa kusini, watu wake ni wa asili moja na Wajapani na lugha haitofautiani, na kwamba vizazi na vizazi imekuwa chini ya Satsuma. Kwa hiyo Shō Tai anapandishwa kuwa mfalme wa jimbo la Ryukyu na kuingizwa kwenye orodha ya makabaila wa Japani.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho polepole. Majimbo yalikuwa yamefutwa nchi nzima mwaka mmoja uliopita, na sasa linaundwa jimbo jipya moja, la mfalme aliyekuwa na nchi yake tayari. Ukishamfanya jimbo, unaweza kumfuta kama ulivyofuta mengine. Waswahili tungesema Shō Tai alivishwa kilemba cha ukoka.

Zilifuata zawadi: yen 30,000 za fedha mpya kwa matumizi ya visiwani, na nyumba mjini Tokyo. Chōho alialikwa kutunga shairi kwenye hafla ya kasri. Wakati huohuo balozi wa Marekani, Charles De Long, alimuuliza Waziri wa Mambo ya Nje Soejima Taneomi kuhusu mkataba ambao Ryukyu ilifunga na Marekani mwaka 1854. Soejima akajibu kwamba Japani itauheshimu. Mikataba ile, ya Marekani, Ufaransa na Uholanzi, ikahamishiwa wizara yake. Nchi ilipoteza sauti yake ya nje bila risasi hata moja.

Kwa nini Chōchoku hakukataa palepale?

Angekataa vipi? Alikuwa amekwenda kupongeza, hakupewa ruhusa ya kujadiliana. Kilichosomwa kilikuwa na sura ya heshima, na kukataa heshima ya Kaizari mbele yake lingekuwa tusi ambalo gharama yake ingelipwa na mfalme. Tena, si wote walioona ubaya mara moja. Kuwa chini ya Tokyo moja kwa moja kulimaanisha kuachana na Satsuma, na wapo walioanza hata kudai warudishiwe visiwa vya Amami. Soejima mwenyewe aliwapa matumaini kwamba mambo ya ndani ya nchi yangebaki kama yalivyokuwa.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la mfumo wote. Ryukyu iliwafundisha wanawafalme wake kuinama kwa ustadi, na mwaka 1872 ikakutana na serikali iliyohesabu kila kuinama kuwa saini.

Alipokewaje aliporudi?

Alirudi mwaka 1873. Cheo chake cha *sessei*, mshauri mkuu wa mfalme, alikuwa nacho mpaka 1875. Mwaka huo ndio mambo yalipochachamaa. Ofisa wa Tokyo, Matsuda Michiyuki, alifika na amri kwamba Ryukyu ikate uhusiano na China na itumie kalenda ya Meiji. Hapo wajumbe wa 1872 wakageukiwa: nyinyi ndio mliopokea karatasi ile. Chōho, aliyeonekana kuwa mtu wa Japani kuliko wote, aliachia ngazi na kufa mwaka 1876 akiwa amelaumiwa vikali.

Hakuna aliyejaribu kupinga?

Walijaribu, tena kwa njia ileile ya kutuma watu. Ikegusuku Anki alipelekwa Tokyo kuomba amri zifutwe; aliomba mara nyingi, na akafia hukohuko mwaka 1877. Kōchi Chōjō aliondoka kwa siri mwishoni mwa 1876 kwenda Fuzhou kuomba msaada wa China. Msaidizi wake Rin Seikō alijiua Beijing mwezi Novemba 1880, baada ya kusikia China na Japani zinajadili kuvigawana visiwa.

Ufalme wenyewe ulikuwa umekwisha. Machi 1879 Matsuda alirudi na polisi na wanajeshi, akasoma tangazo la kufuta jimbo ndani ya kasri la Shuri, na Aprili mkoa wa Okinawa ukatangazwa. Shō Tai alihamishiwa Tokyo, akapewa umakwisi, cheo cha kikabaila, akafa huko mwaka 1901. Narahara, yule ofisa wa 1872, alirudi kuwa gavana wa Okinawa kuanzia 1892 hadi 1908.

Alikuwa msaliti?

Sikubali. Msaliti hufaidika na anajua anachouza. Ukoo wa Ie ulipewa ubaroni mwaka 1890, ni kweli, lakini hivyo ndivyo serikali ya Meiji ilivyowanyamazisha wakubwa wengi. Anayetaka kumlaumu mtu aanze na waliomtuma bila maelekezo ya nini cha kufanya iwapo ataletewa jambo jipya.

Leo naweza kuona nini cha maisha hayo?

Seikenji bado ipo, katika mji wa Shizuoka. Makumbusho ya Historia ya Jiji la Naha yanahifadhi mali za ukoo wa Shō, pamoja na taji la mfalme na mavazi, ambazo mwaka 2006 zilitangazwa hazina ya taifa. Jengo kuu la kasri la Shuri liliungua Oktoba 2019, na kazi ya kulijenga upya ikaanza baadaye. Kaburi la ukoo wa Ie liko Shuri, eneo la Ishimine, na paa lake la mawe limejengwa kwa umbo la gamba la kobe. Ukibahatika kuona maonesho ya kumiodori, kaa mbele usikie vizuri sanshin, ala yao ya nyuzi tatu; tafsiri ya maneno kwa kawaida utaikuta kwenye karatasi ya programu.